Nukuu ya Mama Lameck

Barua ilimfikia Basili Margwe siku ya Jumatano, ikiwa imepitia kwa mtendaji wa kata ya Daudi, kwa paroko, na kwa mwenye duka la chumvi, na kila mmoja alikuwa ameifungua akaisoma kabla ya kuipitisha mbele. Mwenyewe alipoipata, majirani walikuwa wamekwisha kumpongeza tangu asubuhi. Mkoa mpya wa Manyara ulikuwa unatimiza mwaka tangu ukatwe kutoka Arusha, na wakubwa wa Babati walitaka kuwatunuku vyeti watu kumi waliolitangaza jina la sehemu hizi. Yeye alikuwa mmoja wao, mwandishi wa habari za siasa kwa miaka thelathini na miwili, "hususan kwa makala yake mashuhuri, Makaburi Chini ya Ngano."

"Baba Agustino, utavaa koti gani?" mkewe Efrazia aliuliza.

"Lile la kijivu."

"Lile panya wamelila kwapani."

"Basi nitainua mkono mmoja tu."

Efrazia alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alikuwa mke wa mwandishi, maana yake alilima mahindi na maharage peke yake, alizika mama mkwe peke yake, na alisoma habari za mumewe kwenye karatasi iliyofungiwa sukari. Sasa mume alikuwa amerudi na kikohozi na masanduku mawili ya magazeti, na cheti hicho kingekuwa kitu cha kwanza cha kazi ile kutundikwa ukutani kwake.

Basili alikuwa ameingia gazeti la serikali kule Dar es Salaam mwaka 1970, kazi yake kusahihisha makosa ya wapiga chapa. Alipanda polepole, kama mtu anayepanda mlima Hanang kwa viatu vya kuazima. Alifika kwenye kamati za Bunge na kwenye misafara ya mawaziri, akajifunza kusikia kile ambacho waziri hakukisema. Akajifunza pia kukiacha kimya mezani, maana siku zile habari ilikuwa na mlango mmoja na mwenye ufunguo hakuwa yeye. Vilipokuja vyama vingi na soko huria, magazeti yakaota kama magugu kwenye maharage. Basili aliacha kazi ya uhakika akajiunga na gazeti dogo la kila wiki lililoitwa Tafakari, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la matairi mjini Arusha. Mkewe alidhani amerogwa.

Huko ndiko alikoandika makala ile, mwaka 1994. Kwenye tambarare za Hanang kulikuwa na shamba kubwa la ngano lililolimwa juu ya makaburi ya wazee wa Kibarbaig, wafugaji wa sehemu hizo, vile vichuguu vya udongo wanavyovijenga kwa miezi mingi kumheshimu mkubwa wa ukoo. Sasa shamba lilikuwa linataka kuuzwa, na makaburi ndani yake. Basili aliandika. Maswali yakaulizwa bungeni, kamati ikaja na magari, na mwisho wake koo tatu zikarudishiwa kipande cha malisho na makaburi yao. Katika maisha yote ya kalamu yake, hicho ndicho kitu pekee alichoweza kukionyesha kwa kidole na kusema: hiki kilitokea kwa sababu niliandika.

Ijumaa alikwenda Dongobesh kumtafuta fundi wa kushona lile kwapa. Ilikuwa siku ya mnada. Fundi alimwambia arudi baada ya saa moja, naye akatembea kati ya wauza viazi na mitumba mpaka akafika mwisho wa soko, ambako mwanamke wa Kibarbaig alikuwa ameketi juu ya gunia akiuza maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Alikuwa na bangili za shaba na chale za duara kuzunguka macho. Basili alimpita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Unanipita kama mti. Wewe si yule mwenye kalamu mbili, moja mkononi na moja sikioni?"

Basili aligeuka. Uso ule aliwahi kuuona kila wiki kwa mwaka mzima, kwa sababu ulibandikwa ukutani ofisini, ukurasa wa kwanza, mwanamke amesimama ndani ya ngano iliyomfika kiunoni.

"Mama Lameck?"

"Ndiyo. Bado naitwa hivyo, ingawa Lameck mwenyewe haniiti."

Alichuchumaa mbele yake kama mteja. "Unafanya nini huku juu kwenye baridi? Si mlirudishiwa malisho?"

"Wao walirudishiwa." Alimimina maziwa kwenye kikombe cha bati akampa. "Kunywa. Haya si ya kuuza, ni ya mgeni. Kiswahili changu siku hizi ni kizuri, eh? Siku ile ulihitaji mkalimani. Leo nitakwambia mwenyewe."

Akamwambia. Hakupandisha sauti, na mara mbili alikatiza kumhudumia mteja, kisha akaendelea palepale alipoachia.

Gazeti lilipofika kwao, wazee walikusanyika lisomwe. Walifurahi. Kisha msomaji akafika mahali paliposema: "Hapa amelala mkwe wangu Gidamis," alisema Mama Lameck huku akilia. Kwa Wabarbaig, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe, awe hai au awe kaburini. Humtafutia maneno mengine, na hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa maisha yake yote. Na hapa mke wa mwanawe alikuwa amelitaja, tena mbele ya mtu wa mbali, tena likachapwa nchi nzima ikasoma. Kina mama wa ukoo wakakaa kikao chao wakamtaka atoe ng'ombe wa kusafisha kosa.

"Ungetoa, mama."

"Ningetoa, ningekuwa nimekiri. Mimi sikulitaja." Alimtazama usoni. "Nililitaja?"

"Hukulitaja."

"Nilikataa kutoa ng'ombe. Shemeji yangu Bura akasema mwanamke asiyekubali kusafishwa hakai kwenye boma. Mume wangu alikuwa ameshakufa, wa kunisemea hakuna. Nikatoka. Mtoto ni wa ukoo, akabaki. Alikuwa na miaka kumi na minne." Alifuta mdomo wa kibuyu kwa kidole. "Sasa anaoa. Mwezi ukiandama. Nimesikia kwa wachunga ng'ombe waliokuja mnadani. Na mama wa bwana harusi ana kazi zake siku hiyo. Sijui watampa nani."

Basili alishika kikombe bila kunywa. Angependa kusema kwamba alisahau, au kwamba wapiga chapa walikosea. Lakini alikumbuka vizuri mno. Siku ile kwenye ngano alimwuliza mkalimani, mwinjilisti aliyeitwa Patriki, jina la marehemu. Patriki akamjibu: "Huyu halitaji. Atasema mzee wa nyumba hii. Jina kaliulize kwa wanaume." Basili akalipata kwenye kitabu cha zamani cha kodi, akaliandika ukurasa mwingine wa daftari. Kule Arusha mhariri akaizungushia ile sentensi wino mwekundu. "Mzee gani? Nyumba gani? Nukuu isiyo na jina ni uvumi." Ilikuwa imebaki nusu saa gazeti liende mtamboni. Basili alilitoa jina kwenye ukurasa mmoja akalitia kwenye mwingine, ndani ya alama za kunukuu, kama mtu anayemtilia mwenzake kitu mfukoni bila kumwambia. Jina lilikuwa la kweli. Kaburi lilikuwa la kweli. Aliona ni kosa dogo. Yeye mwana wa Mbulu, aliyekua akiwaona Wabarbaig wakipita kwao na ng'ombe, alijua, na bado aliona ni dogo.

"Nitakwenda kwao," alisema.

"Nenda," alisema Mama Lameck. "Lakini kunywa kwanza."

Jumapili baada ya misa alipanda lori tupu la mahindi lililokuwa linashuka tambarare. Lilimwacha njia panda, akatembea saa mbili kwenye vumbi jeupe mpaka boma la Bura. Bura alikuwa amezeeka, amejifunika blanketi, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Kijana mrefu alitoka zizini akifuta mikono kwenye shuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni Lameck."

Basili alieleza yote tangu mwanzo, kwa Kiswahili, na Lameck akamfasiria baba yake mkubwa. Alipomaliza, Bura alicheka kidogo kwa puani.

"Wambulu," alisema, na Lameck akafasiri. "Babu zenu walituibia ng'ombe, lakini angalau walikuja usiku. Wewe umekuja mchana kutuambia uliiba maneno."

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu."

"Miaka tisa ulikuwa wapi?"

Lameck aliingia ndani, akatoka na kifuko cha ngozi. Humo alitoa karatasi iliyofifia, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu. Ilikuwa Tafakari.

"Ni mimi niliyewasomea," alisema Lameck. "Nilikuwa darasa la sita, na hapa hakuna mwingine aliyejua kusoma. Nilisoma vizuri, mzee. Mwalimu alikuwa akinisifu. Nikafika pale kwa mama, nikasoma. Wazee wakasema, rudia. Nikarudia. Nilidhani wamefurahi."

Ndama alikuwa anamlamba mkono naye hakumfukuza.

"Nitakuandikia barua," alisema Basili. "Nitatia sahihi. Uwasomee."

"Barua anaandika hata mlevi. Wale wazee hawakumhukumu mama kwa barua. Walisikia gazeti." Aliikunja tena ile karatasi, taratibu, kwa mikunjo yake ya zamani. "Mimi nataka kukuamini. Lakini nikikuamini peke yangu, mama ataingia kwa mlango gani? Niletee gazeti, mzee. Nitasimama palepale niliposimama, niwasomee. Kama liko mkononi kabla ya ndoa, nitakwenda Dongobesh kumchukua mwenyewe."

Bura alisema kitu kwa lugha yao. Lameck akatafsiri bila kuinua macho: "Anasema, neno lililokuja na gazeti lirudi na gazeti. Hapo na yeye hatakuwa na ubishi."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Tafakari lilikuwa limekufa mwaka 1998, na mhariri wake alikuwa amelifuata. Basili alikwenda Mbulu mjini kwenye simu ya kulipia, akampigia Severine Tadei, mhariri wa gazeti la Mwangaza la Arusha, kijana ambaye yeye Basili alimfundisha kazi miaka ile juu ya duka la matairi.

"Masahihisho ya miaka tisa, mzee wangu? Ya gazeti jingine?" Severine alisema. "Wakubwa zangu watanicheka. Ila sikiliza. Si unatunukiwa Babati? Nitamtuma mtu. Yaseme pale jukwaani. Ukiyasema jukwaani yanakuwa habari."

Basili alitoka kwenye kile kibanda akijisikia mwepesi kama kijana. Ni kweli, hiyo ndiyo ilikuwa njia. Kitu hakiwi habari kwa kuwa ni kweli. Kinakuwa habari kwa kuwa mtu fulani amekisema mahali fulani. Alikuwa amewafundisha wengine hayo.

Babati waliweka mahema mawili uwanjani. Efrazia alikuja naye, amevaa vitenge vipya, akaketi mstari wa nne. Bendi ya shule ilipiga mpaka jua likawachosha. Zikaja hotuba, ndefu kama kawaida ya hotuba, na Basili akajikuta anazihariri kichwani, anakata hapa, anaunganisha pale. Meza ya waandishi ilikuwa pembeni. Kila mmoja wao alikuwa na ratiba iliyopigwa chapa, na maelezo ya kila mtunukiwa yameshaandikwa humo.

Alipoitwa, alipewa cheti na dakika mbili.

"Makala mnayonisifu ilikuwa ya kweli," alisema kwenye kipaza sauti, "isipokuwa sentensi moja. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Niliandika kwamba mama mmoja wa Hanang alitaja jina la baba mkwe wake. Hakulitaja. Alishika heshima ya kwao, na mimi nikaivunja kwa kalamu. Kwa ajili hiyo alifukuzwa nyumbani. Naomba iandikwe hivyo."

Watu walipiga makofi. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti. "Mmeona? Hawa ndio wazee wetu. Mtu mkubwa namna hii, na bado anajishusha." Wakapiga makofi tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Basili alitazama meza ya waandishi. Kalamu zilikuwa zimelala. Alikwenda moja kwa moja kwa mtu wa Mwangaza, kijana wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Akonaay, mzaliwa wa Maretadu.

"Umeandika nilichosema?"

"Nimekusikia vizuri, mzee."

"Sikukuuliza kusikia. Andika sasa, mbele yangu."

Akonaay aliandika. Basili alisimama juu yake kama mwalimu mpaka nukta ya mwisho, akamfanya amsomee, akamrekebisha neno moja. "Mzee, hii ni nzuri," kijana alisema, na alisema kwa dhati. "Hii haijawahi kutokea. Nitaituma leo jioni."

Kwenye gari la kurudi, walipoanza kupanda mlima, Efrazia alimgeukia.

"Kumbe ulinyamaza nayo miaka yote hiyo," alisema.

"Sikujua kama alifukuzwa."

"Lakini ulijua ulichoandika."

"Nilijua."

Efrazia alikiweka cheti mapajani, kifudifudi, na hakuzungumzia tena kukitundika ukutani.

Mwangaza lilifika Dongobesh Jumanne na basi la mchana. Basili alikuwa anangoja hapo kituoni. Alilifungua akiwa amesimama. Ukurasa wa tano kulikuwa na picha yake, ameinua mkono mmoja wenye cheti, na kichwa cha habari, Mkongwe wa Kalamu Atunukiwa. Habari ilianza vizuri. Ilitaja umri wake, miaka yake ya kazi, mgeni rasmi, mahema, bendi. Kisha ikakatika. Chini yake, palipopaswa kuwa na mwisho, palikuwa na tangazo la mbegu za mahindi.

Hakuhitaji kuuliza. Aliona kama vile alikuwa kwenye chumba chenyewe. Kijana alikuwa ameyaweka maneno yake aya ya mwisho, kwa sababu kila mwandishi hufundishwa kuanza na mgeni rasmi. Tangazo likaja jioni. Na tangazo likija, habari hukatwa kutoka mkiani, bila kusomwa, kwa kuwa hakuna mwandishi mwenye akili anayeweka jambo kubwa mkiani. Basili alikuwa amewakata wengine hivyo mara mia.

Pembeni ya picha, ili kupamba ukurasa, walikuwa wamechora kisanduku na kuweka kipande cha ile makala ya zamani. Walichagua sentensi moja, wakaikuza kwa herufi nene.

Alimpigia Severine palepale Dongobesh, posta.

"Mzee wangu, nisamehe, nilikuwa nje ya ofisi," alisema Severine. "Wiki ijayo nitatafuta pa kuibana."

"Wiki ijayo ndoa imepita."

"Ndoa gani?" aliuliza Severine, na simu ikakatika, pesa zikiwa zimekwisha.

Mama Lameck alikuwa amekaa kwenye gunia lake. Alipoliona gazeti, aliifuta mikono yote miwili kwa khanga ingawa hakuwa na nia ya kulishika.

"Limo?"

Basili aliketi chini kando yake. Mama huyu hakujua kusoma. Wauza viazi walikuwa mbali. Angeweza kufungua ukurasa wa tano na kumsomea maneno yale aliyoyasema Babati, moja baada ya jingine, na angeyasoma vizuri, na mama angelala usiku mmoja akiwa msafi. Alifikiri hivyo kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka kumi.

Kisha akasoma kilichoandikwa. Alisoma habari ya mahema na bendi, akasoma mpaka ilipokatika, akamwambia hapo imekatika. Akasoma kile kisanduku. Alipofika kwenye jina sauti yake ilishuka, lakini alilisoma.

Mama Lameck alisikiliza hadi mwisho akiwa ametazama barabara.

"Na hili litafika kwao?"

"Jumamosi. Lori la magazeti hupita Basotu, karibu nao."

"Basi Lameck atawasomea," alisema. "Uliniambia atasimama palepale."

"Nitalitangulia. Nitamwambia asisome."

"Utamwambia kwa mdomo?"

Basili alikunja gazeti.

"Miaka tisa," alisema Mama Lameck baadaye, kama mtu anayejisemea. "Hata nikiwa peke yangu sijalitaja. Hata nikiwa na hasira. Wewe umelitaja mara mbili, siku ile na leo."

Mteja alikuja na chupa ya soda, akataka nusu. Akamjazia.

Basili alikwenda tambarare Alhamisi na barua yake iliyotiwa sahihi na kugongwa mhuri wa parokia. Lameck aliipokea kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka njia panda. Jumamosi lori lilipita na magazeti, na Lameck hakuja Dongobesh.

Siku ya ndoa iliangukia Jumatatu. Dongobesh hakukuwa na mnada, na mwisho wa soko palikuwa patupu, majani ya kabichi na mbwa. Basili alimkuta Mama Lameck mahali pake pa siku zote, ameketi juu ya gunia bila kibuyu hata kimoja. Alikuwa amejipaka samli kichwani na shingoni, samli nyingi, kama apakwavyo mama wa bwana harusi, na amevaa ngozi yake ya zamani ya ndoa, yenye shanga. Wapita njia walikuwa wanageuka kumtazama. Basili alivua lile koti la kijivu, akalitandika chini kando ya gunia, akaketi, na wakakaa hivyo mpaka jua lilipozama.